Paa Lilibaki Masasi

Siku Zuhra aliponionyesha picha ya baba yake nilikuwa dukani, nampimia mteja misumari. Nina duka la vifaa vya ujenzi Newala, karibu na soko. Nauza misumari, bawaba, mabomba na koki. Ndiyo, koki. Watu hunitania, mji wenyewe maji ya shida halafu Hamidu anauza koki, lakini kila wiki zinatoka.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mbona mapema, shule hamna leo?"

"Nimeomba ruhusa. Mjomba, nimempata baba."

Misumari ikanimwagika. Mteja akainama kuokota, mimi nikabaki nimeshika karatasi ya kufungia. Zuhra akanisogezea simu. Kwenye kioo alikuwepo Lukmani, baba mtu, ambaye sikumtia machoni kwa miaka kumi na sita. Miwani myeusi, mikono kaikunja kifuani, kaegemea gari, Crown nyeusi inayong'aa mpaka inaudhi.

"Kapendeza, eti?" Zuhra akasema.

"Hiyo miwani kaazima."

Akacheka. Alidhani natania.

Zuhra ni mtoto wa dada yangu Rahima. Lukmani alimwoa Rahima, akamwacha na mimba ya miezi sita, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mtoto nikamlea mimi. Nimemlea kweli, si kwa mdomo. Nimembeba mgongoni kwenda zahanati mvua inanyesha. Nimemsuka nywele, mimi mwanamume mzima, kwa sababu Rahima alikuwa msibani na kesho yake shuleni wanapiga picha. Sikujaaliwa mtoto wa kwangu, na mke niliyekuwa naye tuliachana kwa hilohilo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na huyu bwana hata hiyo mimba hakuilea!

Sasa Zuhra ni mwalimu wa shule kule Mkunya, ana miaka ishirini na minne, na mwezi wa nane anaolewa na Nasibu, kijana wa Lisekese, kule Masasi. Tatizo lilianzia kwa sheikh. Nilikwenda kwake nimevaa kanzu yangu nzuri kupanga siku ya ndoa, akaniuliza, "Baba wa binti yuko hai?" Nikamwambia aliyelea ni mimi. Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionikera zaidi, "Mzee Hamidu, kulea kuna thawabu zake kubwa, lakini uwalii, yaani haki ya kumwozesha, unatoka upande wa baba. Mjomba si walii. Mtafuteni."

Mtafuteni! Na Zuhra, mtoto mtiifu, akamtafuta. Siku tatu tu, kwenye simu, akampata.

Nitasema wazi, maana sipendi mtu aje anisingizie baadaye: niliona wivu. Si wa kukaa kifuani ukatulia. Ulinipanda mpaka masikioni. Lakini nikajipa moyo kwamba kuna jambo moja sheikh hakuligusa. Kwetu huku mtoto ni wa upande wa mama. Binti akishafungishwa ndoa na kupelekwa kwa mumewe, anayemshika mkono na kumvusha kizingiti ni mjomba. Mjomba ndiye anayesimama mbele ya wakwe na kumkabidhi. Asipokabidhiwa na mjomba, huyo ni kama kajipeleka mwenyewe. Nilikuwa nangoja siku hiyo tangu Zuhra yuko darasa la kwanza. Nikasema haya, Lukmani achukue uwalii wake msikitini, dakika kumi umekwisha. Safari ya Lisekese ni yangu.

Ndipo Zuhra, akiwa anatoka dukani, akageuka akasema, "Mjomba, labda baba atakuja na lile gari. Tutapata gari la bibi harusi bure."

Lo! Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Nikaliona lile Crown linaingia Lisekese, Lukmani anafungua mlango na miwani yake, na mimi nyuma kabisa, kwenye basi la kukodi pamoja na masufuria. Mkono wa bibi harusi nitaufikiaje?

Nikafungua simu yangu. Kuna kundi la mtandaoni niliingia zamani, la wapenda magari ya kale wa Kusini, watu wanabandika picha na kusifiana. Siku hiyo juu kabisa palikuwa na tangazo: Landrova aina ya mia na tisa, ya mwaka sabini na nne, ipo Masasi, inatembea. Rangi ya kijani, macho mawili ya duara, taya pana. Nilipokuwa mdogo hayo ndiyo magari yaliyoweza kupanda mlima huu masika. Bibi harusi aliyeletwa kwa Landrova alisimuliwa mpaka anapata wajukuu. Nikajisemea, Crown hata vijana wa kubeti wanakodi. Hili nani analo?

Nikaandika, "Nachukua."

Muuzaji, Godwin jina lake, akajibu, "Mzee, huji kuiona kwanza?"

Nikaandika, "Nimeshaiona." Nilichokuwa nimeona ni picha tatu, na moja ilikuwa ya tairi.

Fedha ilikuwepo. Ilikuwa ya kuchimba kisima cha kuvunia maji ya mvua nyuma ya nyumba, nimeiweka misimu miwili ya korosho. Nikaituma yote mchana huohuo, kabla akili haijarudi. Ilipofika jioni akili ikarudi, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake nikateremka Masasi. Godwin alikuwa ameliweka gari kwenye banda huko Lisekese, na kuku walikuwa wanatagia kiti cha dereva. Lile neno "inatembea" lilikuwa na ukweli wake: ilitembea ikisukumwa. Tuliivuta kwa trekta mpaka gereji ya Cuthbert, fundi ambaye kila mtu Masasi atakuelekeza kwake ukitaja Landrova. Baba yake alikuwa katekista wa Kianglikana, na yeye akiwa chini ya gari utamsikia anaimba tenzi huku anatukana bolti.

Akaizunguka mara mbili. Akagonga ubavu kwa kidole, akachungulia injini, akatabasamu peke yake.

"Shikamoo mzee. Umeokota almasi."

"Marahaba. Almasi hiyo nataka uikate."

"Niikate nini?"

"Paa. Bibi harusi akae nyuma aonekane. Kuanzia soko la Newala mpaka Lisekese, kila mtu amwone na aone nani kampeleka. Upake rangi nyeupe. Viti vyeupe. Na spika mbili kubwa huku nyuma."

Cuthbert alijifuta mikono taratibu. "Mzee, gari hili lina miaka hamsini na bodi yake haijaguswa. Kuna watu wakisikia unataka kulikata watalia machozi."

"Waje walie hapa, nitawapa leso."

"Na baada ya harusi utalifanyia nini?"

"Nitafunga tanki nyuma, niuze maji."

Akafumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Halafu akanifafanulia polepole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba paa la mia na tisa halikatwi, linafunguliwa. Ni bolti tupu. Unalitoa asubuhi, jioni unalirudisha. Rangi ya kijani akaniomba niiache, aing'arishe tu. Spika akakataa katakata kwa sababu betri haitaweza. Viti vyeupe akakubali, kwa uchungu. Tulibishana mpaka adhuhuri, mimi nafoka, yeye anaimba, mwisho tukakubaliana.

Wiki tano nilipanda na kushuka mlima kufuatilia gari. Siku nyingine duka nililifunga kabisa. Kila Zuhra aliponipigia kunieleza "baba kasema hivi, baba kauliza vile", mimi niliongeza kitu: kioo cha pembeni, mazulia, taa ndogo za maua. Siku ya kulichukua, injini inanguruma vizuri, Cuthbert akanionyesha paa limeegemezwa ukutani.

"Usisahau paa lako, mzee. Tulifunge juu ukafike nalo, utalifungua huko."

"La nini? Mwezi wa nane huu, mvua iko wapi?"

Msinicheke. Sisi wa Newala paa tunalijua kwa kazi moja, kuvuna maji. Mtu akiezeka bati, jirani hamuulizi nyumba itakuwa na kivuli kiasi gani, anamuuliza ataweka mifereji mingapi. Mvua isipokuwepo, paa la nini? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na niliona nimefikiri vizuri sana.

Cuthbert akatikisa kichwa. "Nyinyi wa mlimani kichwani mna mvua tu."

"Na nyinyi wa huku mna mawe tu, kama milima yenu."

Tukacheka, nikaondoka. Nilipanda mlima kwa mwendo wa kobe, peke yangu barabarani, malori ya ujenzi siku hiyo hayakufanya kazi, na upepo unanipiga kichwani nikajiona mfalme.

Newala watu walitoka madukani. Waliniita, walipiga makofi, mzee mmoja akagusa boneti akasema hajaona kitu hiki tangu enzi za ujana wake. Nyumbani Rahima alitoka jikoni na mikono yake ina unga wa muhogo. Yeye hakupiga makofi.

"Kaka, hili gari umemnunulia Zuhra, au umemnunulia Lukmani?"

"Swali gani hilo?"

"Unanielewa. Umemwambia mtoto?"

Nikajifanya natazama tairi.

Basi na nyinyi niwaambie, maana hilo ndilo lililokuwa linanila. Zuhra amekua akijua baba yake aliwatupa, hakurudi hata mara moja. Si kweli. Lukmani alirudi mara tatu. Mara ya kwanza Zuhra ana miaka mitatu, kaja na viatu vyekundu vya mtoto. Nilimkuta stendi kabla hajafika nyumbani, nikamwambia kwamba Rahima kaolewa na mtu mwingine, asivunje ndoa ya watu. Rahima alikuwa hajaolewa na yeyote. Mara ya pili nikamwitia wazee, tukamtoza mbuzi wa faini kwa kutelekeza mimba, mbuzi ambao nilijua hana. Mara ya tatu Zuhra yuko darasa la pili. Lukmani alikwenda moja kwa moja shuleni, nikamwahi getini. Nikamwambia mtoto anakuogopa, kasema hataki kukuona. Zuhra alikuwa hajasema neno, alikuwa darasani anasoma. Lukmani aliniachia bunda la madaftari, akaondoka na hakurudi tena. Madaftari nilimpa Zuhra, nikamwambia nimenunua mimi.

Kwa nini? Niliogopa. Mtoto akishampata baba mwenye viatu vyekundu, mjomba anayesuka nywele upogo atakuwa nani kwake? Ndiyo hivyo tu, sina sababu nyingine ya kuipamba.

Rahima akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Nilinyamaza miaka yote kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unatulisha. Hilo ni kosa langu, nitalibeba. Lakini mwanangu hatavuka kizingiti cha watu na uongo wetu. Mwambie kabla. Usipomwambia wewe, harusi ikiisha nitamwambia mimi."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia, Rahima!"

Sikumwambia. Kila nilipofungua mdomo niliuona ule mkono wa Lisekese unanitoka.

Lukmani alifika Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Asubuhi hiyo nililiosha Landrova kwa ndoo nane za maji, Newala, mwezi wa nane! Majirani walinitazama kama mwendawazimu. Nikaliegesha mbele ya nyumba likitazama barabara, Crown likija lilikute. Nikakaa kibarazani nasubiri.

Alikuja kwa miguu kutoka stendi. Begi moja dogo, boksi limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kakonda, mvi zimemjaa, shati limepauka mabegani.

"Shemeji, assalamu aleikum."

"Waaleikum salaam. Crown liko wapi?"

"Crown la nani?"

"La kwenye picha."

Akacheka kwa aibu. "Ah, lile la bosi. Mimi ni dereva wake."

Wallahi nilifurahi. Nilifurahi kwa dakika kama mbili. Halafu Zuhra akatoka ndani, akasimama, akamtazama, akamkimbilia. Nilikuwa sijawahi kumwona Zuhra akimkimbilia mtu tangu amekuwa mkubwa. Alipokuwa anakimbia nikaona miguu yake inavyopinda ndani kidogo, nikatazama miguu ya Lukmani, ni ileile. Miaka ishirini na minne naitazama ile miguu, nanunua viatu vyake, sikujua imetoka wapi. Mla mla leo, mla jana kala nini?

Nilikuwa nangoja Lukmani aseme. Angesema tu, "Nilikuja, mjomba wako akanifukuza," ningebisha, ningefoka, tungemaliza. Hakusema. Alilizunguka Landrova, akapapasa boneti, akasema, "Mia na tisa! Nilijifunzia kuendesha kwenye gari kama hili. Umefanya kazi kubwa shemeji, hongera." Tena aliisema kwa moyo mweupe kabisa. Nilitamani kumpiga.

Jumamosi asubuhi ndoa ilifungwa. Lukmani alishika mkono wa Nasibu, akatamka maneno ya kuozesha. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Bwana harusi na watu wake wakatangulia Lisekese kwenda kutupokea. Rahima akabaki, kwa kuwa kwetu mama mtu hamsindikizi bintiye. Bibi harusi akatolewa ndani na gauni lake jeupe, akapandishwa kwenye Landrova, akakaa kwenye kiti cheupe. Alipendeza, mama wee! Soko zima lilihamia kwangu.

Hapo Lukmani akanijia, mkono mbele. "Shemeji, nipe ufunguo niendeshe mimi, ndiyo kazi yangu. Wewe kaa nyuma na mtoto."

Mngejibu nini nyinyi? Mtu mwenye akili angetoa ufunguo. Ningekaa nyuma na Zuhra, juu, mbele ya Newala nzima, kama nilivyoota wiki tano. Lakini mimi nilichoona ni Lukmani kashika usukani wa gari langu, watu wanasema, "Tazama baba mtu anavyoendesha."

"Gari langu haendeshi mtu," nikasema.

"Basi mimi nikae wapi?"

"Kaa popote."

Akapanda nyuma. Zuhra akampisha kwenye kiti cheupe, na sehemu ikawatosha wawili.

Tukapita sokoni. Watu wanapiga vigelegele, wanapunga mikono, wanaita, "Hongera baba bibi harusi! Hongera mzee Lukmani!" Walimwona vizuri sana, paa si halipo? Mimi waliniona mgongo. Nikakanyaga mafuta ili tupite haraka, na gari la miaka hamsini ukilikanyaga linapiga kelele tu, mwendo uleule. Tulilipita lile soko siku nzima.

Kisha tukafika barabara inayojengwa. Malori ya kifusi yanapishana, na kila likipita linaacha ukuta wa vumbi jekundu. La kwanza lilipotupita nilisikia Zuhra anapiga ukelele. La pili nikatema udongo. Hapo ndipo nililikumbuka paa, limeegemea ukuta wa gereji Masasi. Nilisimamisha gari, nikageuka nikiwa nimetahayari, lakini Lukmani alikuwa ameshafungua boksi lake. Akatoa doti ya kanga mpya, zawadi ya bintiye, akajifunika yeye na Zuhra wote wawili, vichwa vimegusana.

"Twende tu shemeji, tuko salama," akasema kutoka humo ndani.

Nikaendesha. Kwenye kioo sikuona tena bibi harusi, niliona rundo la kanga. Na kwa kuwa injini inanguruma, iliwabidi kusemezana kwa sauti, nami nikasikia yote. Zuhra alimuuliza baba yake anakula nini Dar, analala wapi. Alimuuliza kama naye huota ndoto za kuanguka. Wakacheka, na kicheko kikawa kimoja. Halafu Zuhra akauliza lile swali.

"Baba, mbona hukuja kuniona?"

Nikapunguza mwendo nisikie vizuri. Nikasubiri. Lukmani akajibu tulipovuka kalavati.

"Nilishindwa, mwanangu. Nilikuwa kijana, mjinga, sina kitu. Nisamehe."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Kisha nikamsikia Zuhra analia, tena kilio cha mtu anayetua mzigo, na katikati yake akasema, "Nimekusamehe, baba."

Jamani! Kosa nimelifanya mimi, msamaha kapewa yeye! Nilibana meno, vumbi likalia mdomoni.

Lisekese walitandika kanga kuanzia barabarani mpaka mlangoni kwa Nasibu. Ngoma inapigwa, wanawake wamejipanga pande mbili. Zuhra aliteremka akiwa msafi, amekunjuka kwenye ile doti kama katoka dukani. Mimi nilikuwa mwekundu kuanzia kofia mpaka viatu, kanzu haijulikani rangi. Nikatafuta kitambaa nijifute niende kumshika mkono. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi, sauti yake ya kuamrisha, akanielekezea kidole.

"Wewe dereva! Sogeza gari, umewazibia wageni!"

Tuligeuka wote wawili, mimi na Lukmani. Yeye akacheka, akaja mlangoni kwangu.

"Dereva ni mimi, mama," akamwambia kwa adabu. "Huyu ni mjomba mtu. Ndiye aliyemlea binti, na ndiye anayemkabidhi." Kisha akaninyooshea kiganja. "Shemeji, nipe ufunguo nilisogeze. Wewe mshike mkono mwanao, watu wanangoja."

Mwanao, alisema. Mbele za watu. Na ule mkono nilioutafuta kwa wiki tano na kwa miaka ishirini na minne, akanipa yeye, bure, bila hata kunidai ukweli. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi wivu ulinipanda tena. Hata wema kaniwahi! Nikaona nikiupokea ule mkono kutoka kwake sitakuwa na kitu changu tena duniani, isipokuwa ule ukweli.

Nikashuka. "Zuhra, alikuja."

"Nani, mjomba?"

"Baba yako. Alikuja kukuona. Mimi ndiye niliyemrudisha."

"Shemeji, si leo," Lukmani akanong'ona. "Nakuomba, si leo."

Zuhra alimtazama baba yake, naye akainamisha uso. Ngoma ilikuwa bado inapigwa. Wale akina mama wa karibu walikuwa wameacha kuimba.

"Mara ngapi?" Zuhra akaniuliza.

"Tatu."

Akainua shela kwa mikono yake mwenyewe, akanitazama bila kitu katikati yetu. Hakulia.

"Kila Idi ulikuwa unaniona nakaa kibarazani natazama barabara."

"Nilikuwa nakuona."

"Ukawa unakuja kukaa na mimi."

"Nilikuwa nakaa na wewe, mama."

Nilitaka kuongeza kitu, niseme niliogopa, niseme nilimpenda kupita kiasi. Lakini aliishusha shela, akamshika Lukmani mkono.

"Sogeza gari, mjomba," akasema. "Watu wanataka kupita."

"Na kukukabidhi?"

"Baba yupo."

Wakakanyaga kanga, wakaenda. Miguu ile minne inapinda ndani kidogo, sawasawa. Nikapanda nikalisogeza gari mpaka upande wa pili wa barabara, nikazima injini, na kwa kuwa imezimwa nikasikia kila kitu. Mlangoni wakasimama. Wazee wa Lisekese wakanyamaza wakimsubiri mjomba aseme. Kukabidhi kuna maneno yake, marehemu mjomba wangu alinifundisha, na nilikuwa nimeyarudiarudia dukani mpaka wateja wakadhani nasali.

Lukmani hakuyajua. Akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, mimi sijui huku mnasemaje. Huyu ni mwanangu. Mtunzeni."

Nikangoja wamkatalie. Wakapiga vigelegele, wakamwingiza Zuhra ndani.